Malalamiko kuhusu kazi mliyoifanya kwenye pikipiki yangu ya safari ndefu

Dar es Salaam,
14 Julai 2025.

Mkurugenzi,
Gereji na Duka la Vifaa vya Pikipiki,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SITI, USUKANI NA SPRINGI YA PIKIPIKI AINA YA SUZUKI DR650

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyeleta pikipiki gerejini kwenu tarehe 3 Juni mwaka huu na kuichukua tarehe 19 Juni, baada ya kulipa shilingi 3,480,000 bila kubakiza deni. Risiti ya mashine ninayo, nakala nimeiambatanisha. Nimekaa karibu wiki tatu tangu nirudi safarini kabla ya kuandika, kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za maji za sola. Wateja wangu wengi wako Njombe na Ludewa, na karibu kila mwezi natoka Dar es Salaam kwenda huko, kilomita mia saba na ushee kufika Njombe tu, nikiwa na vifaa vyangu nyuma. Basi lingenifikisha mjini, lakini visima viko vijijini, kwenye njia za milimani ambazo mvua ikinyesha gari dogo halipiti. Ndiyo maana nina pikipiki ya lami na vumbi. DR650 inaziweza njia hizo: injini ya silinda moja, cc 644, inapozwa kwa hewa na oili, haina mambo mengi, na mimi mwenyewe naifungua na kuifunga. Kinachonisumbua ni umbali. Siti iliyokuja nayo ni nyembamba na ngumu, imekusudiwa mtu anayesimama kila mara kwenye njia mbovu. Usukani ulikuwa chini kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.84. Tanki la kiwandani la lita 13 lilikuwa halinitoshi nikishaingia Ludewa, ambako sheli zimeachana sana. Nina miaka 46 na kiuno kimeshaanza kunidai.

Kwa hiyo nilipokuja kwenu sikuja kutafuta urembo. Nilikuja na kurasa mbili nilizoandika kwa mkono: uzito wangu kilo 92, mzigo ninaobeba, njia ninazopita, saa ninazokaa juu ya pikipiki, na kila ninachotaka kibadilishwe na kwa nini. Aliyenipokea alisoma nusu ukurasa, akasema, "Mzee, ukitoka hapa utakaa kama uko kwenye kochi." Nilimjibu kwamba sihitaji kochi, nahitaji siti ya kukaa saa nane. Akacheka, akaandika "siti laini" kwenye fomu. Neno hilo hadi leo liko kwenye fomu yenu, na ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kabla sijaendelea, haki ya mtu nimpe. Kijana aliyefunga tanki la lita 20 na sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni) ya meno 16 badala ya 15 alifanya kazi safi. Kwa mwendo uleule injini sasa inazunguka pungufu kwa asilimia sita hivi, mtetemo kwenye vidole umepungua, na cheni ameikaza inavyotakiwa, na ulegevu wake. Tanki halivuji hata tone. Kijana huyo alitaka kunipima nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, nikamsikia kwa masikio yangu, akaambiwa aache kwa sababu kuna kazi nyingine zinasubiri. Naomba barua hii isimletee matatizo.

Sasa siti. Niliondoka Dar tarehe 21 Juni alfajiri. Hadi Chalinze nilijisikia vizuri, nikawaombea heri. Kabla ya Morogoro nikaanza kujisogeza huku na huku. Nilipoingia Mikumi, mifupa ya makalio ilikuwa imekaa moja kwa moja juu ya plastiki ya chini ya siti, na barabara inakata hifadhi kwa kilomita kama 50 ambazo mtu huruhusiwi kushuka ukajinyoosha. Nilipotoka upande wa pili mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia pajani. Nilisimama, nikashindwa kuukanyagia. Mama mmoja muuza vitunguu aliniletea kigoda.

Usiku wa siku ya pili, nikiwa gesti Njombe, niliifungua siti. Nilichomoa pini moja moja kwa bisibisi na kuukunjua mfuniko. Ndani nilikuta sponji ya godoro. Vipande vitatu, vimekatwa kwa kisu kwa mkono na kubandikwa kwa gundi iliyokwisha kukauka na kuwa ya njano, na kimoja bado kina kitambaa cha godoro cha maua kimeng'ang'ania pembeni. Nilibonyeza kwa dole gumba, dole likafika kwenye plastiki bila kutumia nguvu. Kipande hicho chenye maua nimekiweka kwenye mfuko na kimekuja pamoja na barua hii. Naomba, Ndugu Mkurugenzi, ukibonyeze wewe mwenyewe kabla hujanijibu.

Fundi siti yeyote anayejua kazi ya pikipiki anafahamu kwamba ulaini wa dukani unadanganya. Sponji laini inamezwa na uzito, ikishamezwa inabaki plastiki. Siti ya mwendo mrefu inataka sponji nzito inayobisha kidogo unapokaa mara ya kwanza, pana pale makalio yanapotua, nyembamba mbele ili miguu ifike chini, na iwe sawa, isiteremke mbele. Yenu imeteremka, kwa hiyo kila nikishika breki nakwenda kugonga tanki, kisha najirudisha, kilomita mia saba za kujirudisha. Juu yake mmepitisha mshono katikati kabisa, mahali mwili unapobeba uzito wote, na chini ya mfuniko hamkuweka hata karatasi ya nailoni. Umande wa Njombe wa mwezi Juni ulipenya kwenye mshono huo usiku kucha, nikaamka na kukalia sponji iliyolowa. Hilo ni la shilingi 420,000.

La usukani ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kwenda kushona siti kwingine nikanyamaza. Niliomba usukani upandishwe ili nikisimama kwenye vumbi nisiinamishe mgongo. Mliupandisha milimita 40 na kuurudisha nyuma kidogo, kwa shilingi 310,000. Nyaya na paipu ya breki mkaziacha zilezile, zikipita njia zilezile. Ruaha Mbuyuni nilipotoka kujaza mafuta nilikata kona ya kugeuza pikipiki, usukani ukaishia kushoto, na injini ikapiga resi peke yake. Mkono wangu ulikuwa umeachia mafuta. Niliurudisha usukani katikati, ikatulia. Nikaukata tena, ikalia tena. Waya wa mafuta ulikuwa umevutwa hadi mwisho, na nati ya kuulegeza ilikuwa imeshamalizwa yote. Hapakuwa na waya mwingine pale, na mteja wangu alikuwa amesimamisha watu kunisubiri, nikaamua kwenda polepole.

Mbele yake ni mlima wa Kitonga. Anayeijua njia ile anajua malori yanavyopanda yakihema, na kona zake. Kwenye moja ya kona hizo lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla. Nilifunga breki, nikaukata usukani kushoto kutafuta ukingo wa barabara, na pikipiki badala ya kusimama ikavuta kwenda mbele, kuelekea nyuma ya lori. Nilikamata klachi. Ilinisaidia kwamba tangu Ruaha Mbuyuni vidole viwili vilikuwa juu ya klachi muda wote. Tairi la mbele lilikaa kama hatua moja kutoka kwenye bampa la lori. Nina mke na watoto watatu. Nimeandika sentensi hiyo makusudi, kwa sababu aliyefunga usukani ule inawezekana naye ana watoto, na kupima alichokifunga kungemchukua dakika mbili: washa injini, iache iungurume polepole, zungusha usukani kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, sikiliza. Kisha nyanyua gurudumu la mbele lining'inie uangalie paipu ya breki. Ya kwangu gurudumu likining'inia inakazika hadi mpira wake unapauka rangi pale inapoingia kwenye kifungio.

Springi ya nyuma naiandika kwa uchungu, kwa sababu hapa sioni bahati mbaya. Risiti inasema springi mpya ngumu, pamoja na ufundi, shilingi 690,000. Niliitaka kwa sababu springi ya kiwandani ni laini mno kwa kilo 92 na mzigo. Mwaka jana nilipokuwa nakagua shoku niliweka nukta nyeupe juu ya springi yangu kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ili nione kama inajizungusha. Nukta hiyo ipo. Nimeipiga picha tatu. Springi ni ileile, mlichofanya ni kuishindilia kwa kuikaza ringi yake ya juu hadi mwisho, na alama za patasi mlizogongea zinang'aa bado.

Kukaza ringi hakufanyi springi laini iwe ngumu, kunanyanyua pikipiki kidogo tu. Nikipanda mimi na mzigo inazama vilevile. Nikiwa Njombe rafiki yangu alishika futi nikiwa juu pamoja na mzigo wangu wote: nyuma ilizama milimita 121. Gurudumu la nyuma la DR650 lina safari ya milimita 260 kwa jumla, na likibeba mzigo wake linatakiwa litumie kama theluthi moja. Nyuma inapozama namna hiyo mbele inapanda. Usiku taa inawapiga madereva wa malori machoni, wakaniwashia full njia nzima kuanzia Mafinga. Mchana gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na Makambako, kwenye upepo ule unaovuka barabara, usukani ulikuwa unatetemeka mikononi.

Kioo cha kukinga upepo na keria sitazipa maneno mengi. Kioo ni kifupi kwangu, kinautoa upepo kifuani na kuupeleka usoni mwa helmeti, kichwa kinagongwa siku nzima hadi masikio yanavuma. Keria imefungwa nyuma sana, masanduku yananing'inia nyuma ya ekseli, na matundu mawili mmeyatoboa kwenye fremu bila kuniuliza. Kioo kinaweza kurefushwa. Fremu iliyotobolewa hairudi kama ilivyokuwa, na hilo nataka mlijue.

Katika siku 16 pikipiki ilipokuwa kwenu nilifika mara nne. Hakuna hata mara moja mliponiambia, panda, kaa, shika usukani, simama, tuone magoti yako yako wapi. Siti ikipanda usukani unashuka kwa mkaaji. Usukani ukirudi nyuma kifua kinasimama na kupokea upepo zaidi, na uzito wote unashuka kwenye makalio, kwa hiyo siti inatakiwa iwe nzuri zaidi. Vitu hivi vinapimwa pamoja, na mtu mwenyewe akiwa juu. Nyinyi mlivifunga kimoja kimoja kutoka kwenye boksi, kisha mkaifuta pikipiki vumbi na kunipigia simu.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 1,110,000 za siti na springi. Siti nitaishonesha kwa fundi mwingine, na springi sitaki tena mnifungie nyinyi. Mbadilishe waya wa mafuta, waya wa klachi na paipu ya breki ya mbele kwa vipimo vinavyolingana na usukani ulivyo sasa, kwa gharama yenu, mimi nikiwepo na injini ikiwaka. Keria isogezwe mbele, na fundi wa fremu tutakayekubaliana akague matundu yale na kuandika maoni yake kwa saini. Na wateja wengine mliowapandishia usukani mwaka huu muwapigie simu warudi wakaguliwe nyaya. Hili la mwisho si la faida yangu, lakini nimeliweka sawa na mengine.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Muda huo ukipita nitapeleka shauri Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, nikiwa na risiti, picha na kipande kingine cha sponji nilichobaki nacho. Pikipiki kwa sasa imesimama uani kwangu na haitembei hadi waya wa mafuta ubadilishwe. Nina wateja Ludewa ambao pampu yao imesimama, na nimewaeleza sababu. Nipo tayari kuileta kwa kuipakia kwenye kirikuu siku yoyote mtakayopanga, mradi nijulishwe siku mbili kabla.

Wenu,
Mteja mwenye DR650 iliyotoka kwenu 19 Juni 2025.

Viambatanisho: nakala ya risiti na ya fomu ya kazi, nakala ya kurasa zangu mbili, picha nane, kipande cha sponji.