Harambee ya bakoko (bibi na babu zetu): nao wausikie mkutano mkuu wa kanisa kwa Kiswahili

Ndugu na jamaa wa Salt Lake City na popote mlipo,

Oktoba 2011 familia yetu ilikuwa na mwaka wa pili hapa Utah, sisi Wakongo tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Jumamosi saa nne asubuhi luninga imewashwa, na sisi watoto tumejificha kwenye hema la mablanketi tulilofunga kati ya viti. Watoto wengi wa Wamormoni hujenga hema kama hilo siku za mkutano mkuu wa kanisa letu, wakiiga habari ya mfalme Benjamini wa Kitabu cha Mormoni, ambaye watu wake walipiga hema milango ikielekea hekalu ili wamsikie. Papa, yaani baba yetu, hakulipenda. "Juzi tu tumetoka kwenye turubai," alisema, "na ninyi mnafunga jingine?"

Koko alikuwa akimenya vitunguu. Kiingereza hakukijua hata cha salamu. Rais wa kanisa wa wakati ule, Thomas S. Monson, akawa anataja miji itakayopata mahekalu mapya, na katikati ya maneno yale koko akalinasa moja: Kinshasa. Kisu kikasimama. Kambini, redio ikitaja Kinshasa, watu wazima walinyamaza na watoto tukafukuzwa nje. Akauliza, "Banapigana tena?"

Papa alicheka mpaka akatoa machozi ndipo akamweleza. Hekalu lile liliwekwa wakfu Aprili 2019. Koko hakuliona hata kwa picha, alikuwa ameshatutoka.

Miaka yote ile, kila Aprili na Oktoba, alikaa mbele ya vikao vile vya saa mbili mbili bila kuelewa. Alisema anakuja kusikiliza kwaya. Nadhani alikuja pia kwa mikate ya mdalasini, maana jirani yetu, mzee Mzungu, alituletea sinia zima kila mara. Ndiye aliyetusimulia kwamba mkutano ulianza kurushwa redioni mwaka 1924, na kwamba kwao watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio. Mama hakurudisha sinia tupu hata siku moja. Lilirudi na mandazi. Jumamosi jioni wanaume walikwenda kanisani kwenye kikao cha ukuhani, kilichokuwa cha wanaume peke yao, wakirudi wamekula aiskrimu. Dada yangu hajasamehe hadi leo.

Sasa mkutano unatafsiriwa kwa Kiswahili na unapatikana kwenye intaneti, lakini bakoko wetu bado wanakaa kama alivyokaa koko. Nyumbani luninga inasema Kiingereza, na mjukuu anayefasiri huchoka baada ya hotuba ya kwanza. Mara ya mwisho tuliwakusanya kumi na wanane mbele ya simu moja. Wa nyuma walisikia pumzi za wenzao tu.

Tunataka kufanya vizuri zaidi kabla ya mkutano ujao. Tunahitaji dola 1,900: projekta na pazia lake dola 700, spika mbili dola 400, ukumbi kwa siku mbili dola 500, na chakula dola 300. Likelemba ya akina mama, yaani kikundi chao cha kuchangiana pesa kwa zamu, imeshatoa 350, hivyo zimebaki 1,550.

Tuseme wazi jambo moja. Hii si michango ya kanisa na haigusi fungu la kumi, ambalo lina njia yake. Ni mfuko wetu wa majirani, na wasio Wamormoni wanakaribishwa. Mama mmoja Mpentekoste alishasema atakuja, mradi asibatizwe.

Mpe mweka hazina mchango wako kwenye kikao cha likelemba, naye atakuandikia risiti. Hata dola tano. Anayejua kupika mikate ya mdalasini ajitaje mapema, kwa sababu yule mzee amehamia kwa mwanawe na sisi tuliojaribu tumetoa mawe.

Asiye na pesa lakini ana gari la viti saba, tunamhitaji vilevile. Bakoko watano wanaishi mbali, na Jumapili basi zao ni chache.