Tuandikieni Sokoine wa kabla ya Dakawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyomkumbuka marehemu Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu. Kila ikikaribia Aprili 12 magazeti humtengea kurasa, na ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kinachoandikwa ni kilekile: ajali ya gari iliyomuua Dakawa, Morogoro, mwaka 1984, msafara ulivyokuwa, nani alikaa gari gani, uvumi upi ulizuka baadaye. Sasa ni zaidi ya miaka 40 tunasimulia jioni moja ya mtu aliyeishi miaka 45, na sehemu kubwa ya utu uzima wake akautumikia umma. Wanafunzi niliowafundisha walijua alikofia. Alikoanzia kazi, ukiwauliza, wanatazamana.

Alizaliwa Monduli Agosti 1, 1938, katika jamii ya wafugaji. Alisoma hapohapo Monduli, kisha sekondari ya Umbwe kule Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, chama kilichotawala wakati ule, akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporudi hakupewa kiti Dar es Salaam. Alirudi nyumbani kuwa ofisa mtendaji wa Wilaya ya Masai.

Hapo ndipo naomba tusimame kidogo, maana sisi hupapita mbio kwenda kwenye uwaziri mkuu. Wilaya ya Masai ya wakati ule haikuwa kitu kidogo. Eneo lake leo ni Monduli, Longido, Ngorongoro, Kiteto na Simanjiro. Kutoka Loliondo karibu na mpaka wa Kenya hadi Kibaya ni mamia ya kilomita, kiangazi vumbi, masika gari linalala njiani. Kazi ya halmashauri za ufugaji tunaijua tuliokulia huko: ushuru wa minadani, majosho, malambo ya maji, kumfuata mzazi bomani umwombe amtoe mtoto mmoja aende shule, naye ana sababu zake za kutoiamini hiyo shule. Ofisa wa wilaya ndiye anayeona agizo la wizara linavyofika kijijini, limebaki na nini na limepoteza nini njiani. Mtu aliyekaa kwenye meza hiyo hawezi kudanganywa kirahisi na taarifa iliyopigwa chapa vizuri. Wazee waliomwona akiwa Waziri Mkuu wanasema alikuwa na desturi ya kutaka kufika mwenyewe mahali. Mimi naamini desturi hiyo aliitoa huko.

Mwaka 1965 akaingia bungeni kwa jimbo la Masai, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, ule wa jembe na nyumba. Wasomaji vijana wajue kwamba TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na asiyejua kusoma akapiga kura bila kumwomba mtu amsaidie. Baada ya hapo alipanda hatua kwa hatua: naibu waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi mwaka 1967, waziri wa nchi mwaka 1970, waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1972, Waziri Mkuu mwaka 1977. Vita ya Kagera ilimkuta kwenye kiti hicho. Mwaka 1980 akapumzika, Februari 1983 akarudishwa.

Lakini miaka hiyo hiyo ina jambo ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 60 serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai rubega, yale mashuka yao, na kuwavalisha suruali. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Imparnati ya kuwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya kudumu. Mbunge wao alikuwa Mmasai mwenzao, na wakati huohuo alikuwa mtu wa ndani ya serikali iliyotoa amri hizo. Alisema nini kwenye vikao vya chama? Aliwaambia nini wazee wa rika la baba yake alipokwenda kuwaeleza? Hilo ndilo fumbo la kila mwanasiasa anayetoka kijijini akapewa madaraka ya nchi, na kwa Sokoine lilikuwa zito kuliko kwa wengi. Ningetoa kurasa kumi za ajali ya Dakawa nipate ukurasa mmoja wa jambo hilo.

Kuhusu 1983 nitasema wazi, kwa kuwa niliuona mwaka ule nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi wilayani Arumeru. Duka la ushirika likipata sukari, foleni ilianza kabla jua halijatoka, na walimu tulipokezana madarasa ili kila mmoja apate kusimama saa moja. Mche wa sabuni ulikatwa kwa waya, kila kaya kipande chake, na mwenye duka akikata vibaya kelele zake zilifika shuleni. Nchi ilikuwa imetoka vitani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvunjika, fedha za kigeni hakuna. Basi msako wake wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na walioficha bidhaa, ulipoanza Machi, na zikasikika habari za magunia yaliyotupwa porini usiku, watu wa hali yetu walifurahi. Waliona hatimaye kuna mkubwa anayejua bei ya sabuni.

Furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Ni kweli pia kwamba watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye. Sheria ile ya 1983 iliunda mahakama maalumu, ikazuia dhamana, wala mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Mwaka uliofuata Bunge hilohilo liliifuta, likaleta nyingine iliyorudisha mawakili. Kisha kulikuwa na Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowasomba watu mjini kwa kosa la kutokuwa na kazi inayotambulika, wachuuzi wadogo wakiwemo. Hayo yaandikwe. Wanaomtetea kwa kuyaficha wanamfanya mtu mzima kuwa picha ya ukutani, na familia za walioumizwa zina haki ya kusikia yakisemwa hadharani.

Wanaokumbuka rungu tu nao wanaacha nusu. Mwaka huohuo wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, baada ya mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri, kuzidiwa. Daladala zilizokuwa zikikimbizana na polisi zikapata njia halali. Serikali iliyomsaka mlanguzi ndiyo iliyokubali kwamba shirika la umma peke yake haliwezi kumfikisha mfanyakazi kazini. Mtu aliyeweza kubeba mambo hayo mawili kwa mwaka mmoja anahitaji kuchunguzwa kwa utulivu. Badala yake jina lake limekuwa la kumsutia kiongozi wa leo: akikosea waziri, tunasema laiti Sokoine angekuwepo, kisha tunaendelea na shughuli zetu bila kujua Sokoine mwenyewe alifanya nini.

Jina lake tumelipa chuo kikuu cha kilimo Morogoro, uwanja wa mpira Mbeya, barabara Dar es Salaam na nyingine hapa Arusha. Majina yametosha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kazi ya gazeti. Hotuba na maswali ya wabunge yamo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mtume mwandishi asome miaka ya 1965 hadi 1972, atoe yale ambayo mbunge wa Masai aliyasema kuhusu maji, mifugo, shule na ardhi, uyachapishe kama yalivyo. Halafu watafuteni waliofanya naye kazi wilayani: makarani, madereva, mabwana mifugo, walimu. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1965 sasa amepita 80, na kila mwaka tunawazika. Wengi hawataandika barua kama hii. Mwandishi akakae nao Monduli Juu, Longido na Kibaya, asiende kwa siku moja, na awe na mtu wa Kimaasai wa kumsaidia, kwa sababu mengi waliyoambiwa na mbunge wao hawakuambiwa kwa Kiswahili. Mkianza sasa, Aprili ijayo mtakuwa na cha kuchapisha.

Mwalimu mstaafu,
Arusha