Aprili Mosi ni kuchelewa Dodoma: tuhesabu na visiki

Ndugu Mhariri,

Kila Aprili Mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, miche hushushwa kwenye malori, viongozi hushika majembe, na jioni idadi hupelekwa juu kuwa taarifa ya utekelezaji. Kwa Kilimanjaro, Tanga au Kagera tarehe hiyo haina neno, masika yameshashika. Lakini Dodoma, Singida na Shinyanga zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Mche unaoingia ardhini siku hiyo una wiki chache za unyevu, kisha miezi saba ya jua na upepo.

Kinachouua si siri. Mche uliosiwa Septemba ulipaswa kupandwa Desemba, ukiwa na sentimita 30 hivi. Ukiwekwa kitaluni kusubiri sherehe, mizizi hugonga kitako cha kiriba, yaani kile kimfuko cha plastiki cha mche, na kuanza kujizungusha. Usipoipunguza wakati wa kupanda, huendelea kujizungusha ndani ya shimo badala ya kushuka, na udongo wa juu ukikauka Juni, mche nao kwisha. Shimo lenyewe hutakiwa liwe la sentimita 60 kwa 60, lililochimbwa kabla ya mvua. La siku ya sherehe huwa kina cha jembe. Samadi mbichi huita mchwa. Wakichoka mchwa, wanakuja mbuzi, maana baada ya mavuno shamba la mtu ni malisho ya wote.

Tutaambiwa miche itamwagiliwa. Tupige hesabu. Lita 5 mara mbili kwa wiki, Mei hadi Novemba, ni kama lita 300 kwa mche. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Hizo ni lita milioni 450, yaani safari 45,000 za lori la lita 10,000, katika vijiji ambako watu wanafukua mchanga wa korongo kupata ndoo moja.

Na huku mti wenye mizizi tayari upo shambani, ila hauna safu kwenye fomu. Ni kile kichaka kinachofika magotini, chenye vijiti ishirini vilivyosongamana, ambacho mkulima hukifyeka kila Novemba akisafisha shamba. Chini yake kuna kisiki cha mgunga au mlama chenye mizizi ya miaka mingi, inayofika kwenye unyevu ambao mche hauuoni. Kukilea kisiki hicho hadi kiwe mti ndiyo kazi inayoitwa kisiki hai. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yaliyotoka chini kabisa, yaliyobaki yakate kwa panga kali, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Matawi ya pembeni yaondoe hadi nusu ya urefu, usizidishe. Ukizidisha, shina hubaki jembamba na upepo hulilaza. Funga kitambaa ili wenye ng'ombe wajue kinalelewa. Rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wengi hukosea hapa: hupogolea mara moja na kuondoka, kisiki kikajibu kwa machipukizi mapya, na msimu ukiisha ni kichaka tena. Wengine huacha chipukizi moja tu, mbuzi akilivunja hawana la akiba. Kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari hubeba miti 40 na mtama unapata jua lake.

Shinyanga ilishatuonyesha. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza 1986, na ulipoisha 2004 ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa kwa desturi ya Wasukuma, zilikuwa zimepanda kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya hekta 300,000, sehemu kubwa kwa kufunga maeneo na kuacha uoto ujirudie, chini ya ulinzi wa sungusungu. Kondoa nako uoto ulirudi baada ya mifugo kuondolewa 1979, ingawa njia ile ya amri sitaiombea kijiji chochote.

Sipingi miche. Pale trekta lilipong'oa visiki vyote, hakuna njia nyingine. Basi katika mikoa hii ipandwe Desemba na Januari, udongo ukiwa umelowa sentimita 30 kwenda chini (chimba uone, usikisie), na sherehe ya Aprili iwe ya kukagua. Taarifa ya halmashauri iwe na safu ya visiki vinavyolelewa, na miti ihesabiwe Oktoba ya mwaka wa pili, si siku ya kupanda. Vifaa ni kigingi na kamba ya mita 5.64: ukizunguka nayo umepima mita za mraba 100. Hesabu mashina hai ndani yake, rudia vituo 20, chukua wastani, zidisha kwa 100, unapata idadi kwa hekta.

Kinachobaki ni sheria ndogo. Nyingi husema faini ya kuingiza mifugo lakini hazitaji mti ulioota wenyewe shambani ni wa nani, wala kama mwenye shamba anaweza kupogolea kuni bila kwenda kuomba kibali. Mkulima asiyejua hilo hatauacha ukue. Ataufyeka ukiwa bado kijiti, ambapo hakuna anayemuuliza. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kulijadili kwa siku moja. Halmashauri za wilaya, ambazo ndizo huidhinisha sheria hizo, zisizikalishe kwenye mafaili hadi msimu mwingine wa kufyeka ufike.

Mdau wa misitu,
Dodoma