Mpwa wangu anaishi kwetu kama mgeni, na ninahofia kwamba mbele ya Mungu pia ni mgeni

Ndugu Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mkazi wa Bagamoyo, mume na baba wa watoto watatu, na muumini wa kawaida katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wetu. Ninaandika kuhusu mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye tunaishi naye tangu mama yake alipofariki, na ambaye mwaka huu anajiandaa kupokea kipaimara. Nieleweke mapema kwamba siandiki kulalamikia tabia yake, kwa kuwa hakuna mzazi hapa mtaani ambaye hatamani mtoto wa namna hiyo. Kinachonisumbua ni hiyo adabu yenyewe, ambayo nilidhani ni jambo la nyumbani tu, mpaka nilipoikuta imeingia katika sala zake.

Kijana ana miaka 14. Huamka kabla yetu, hufagia uwanja, huchota maji bila kuambiwa, na jioni hukusanya vyombo vya watu wote, hata vya wanangu ambao wana mikono mizima ya kuoshea vyao. Mezani hajipakulii mpaka wote wawe wamepakua, na ukimuuliza kama ameshiba atakujibu, "Nashukuru mjomba, nimeshiba," huku macho yake yakiwa bado kwenye sufuria. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza, na miaka yote hii hajalitua.

Jumapili moja tukirudi kutoka misani nilimwona anachechemea. Nilipomsimamisha akanionyesha ndala yake: mkanda ulikuwa umechomoka, naye alikuwa ameupitishia kipande cha waya na kukikunja kwa chini, na ncha ya waya ikawa inamchoma unyayo kila alipokanyaga. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, kwa heshima zote, kwamba aliona nimetoka kulipa michango ya shule ya binamu yake, akaona asiniongezee mzigo. Sasa huyo binamu yake, yaani binti yangu, ndala yake ingekatika, nyumba nzima ingejua kabla ya chai, na pengine angedai viatu vya kufunga papo hapo. Nilitembea hadi nyumbani nikiwaza kwamba kati ya watoto hawa wawili, yule msumbufu ndiye anayejua vizuri zaidi kwamba yupo kwa baba yake.

Huenda ningeishia hapo, lakini wiki chache baadaye katekista aliniita. Katika mafundisho alikuwa amewaambia watoto kila mmoja aandike sala yake mwenyewe kwenye karatasi. Wengine waliomba kufaulu mtihani, mmoja aliomba simu, mwingine aliombea mguu wa bibi yake. Mpwa wangu aliandika nusu ukurasa wa shukrani tupu: kwa chakula, kwa sare za shule, kwa godoro, kwa mjomba na mkaza mjomba, na chini kabisa akaweka ombi moja, "Mungu, naomba usinichoke." Katekista alikuwa amezifurahia shukrani na kuushtukia mstari wa mwisho. Mimi nilipousoma, nikiwa nimesimama hapo nje ya kanisa, niliona kwamba kijana amechukua yote anayoyajua kuhusu nyumba yetu akayahamishia mbinguni. Mungu kwake ni mwenye nyumba mkarimu, ambaye hata hivyo ukarimu wake una kiasi, na mtu mwenye akili hautumii ukaisha.

Tunafundishwa kwamba familia ndiyo shule ya kwanza ya kumjua Mungu, na sina ugomvi na fundisho hilo. Bwana wetu mwenyewe alijengea hoja yake hapo: mtoto akiomba mkate hapewi jiwe, akiomba samaki hapewi nyoka, na ikiwa sisi tulio waovu tunajua kuwapa watoto wetu vitu vyema, si zaidi sana Baba aliye mbinguni? Sisi wa pwani mfano huo wa samaki hauhitaji mahubiri marefu. Lakini nimeona kwamba hoja nzima inamtegemea mtoto anayeomba, kwa sababu asiyeomba hawezi kujua kama angepewa samaki au nyoka, na ataishi miaka yote akishukuru kwa mabaki huku akidhani ndiyo fungu lake.

Hata ule mfano wa mwana mpotevu, ambao hapo awali niliuona ni wa watoto wakorofi, siku hizi ninausoma nikimfikiria mpwa wangu. Mdogo alirudi na maneno aliyokwisha kuyapanga, kwamba afanywe kama mmoja wa watumishi, na baba hakumwacha hata afike sehemu hiyo ya hotuba yake. Mkubwa, ambaye hakuwahi kuondoka, alisema mambo yale yale kwa njia nyingine: nimekutumikia miaka mingapi hii, wala hujanipa hata mwanambuzi. Mmoja aliona amepoteza haki ya kuwa mwana na mwingine aliona anaifanyia kazi, na wote wawili walimhesabia baba yao jasho. Mpwa wangu hajapoteza chochote wala hajamdai mtu chochote, ila hesabu anayoipiga kila siku ni hiyo hiyo.

Huwa ninajiuliza pia kuhusu watu waliotutangulia hapa kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Zanzibar mwaka 1868, na miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, ambao wengi wao walikuwa wametengwa na wazazi wao moja kwa moja. Walifundishwa kusema Baba Yetu, na pamoja na sala walipewa kazi za shamba na nidhamu kali ya siku zile. Mtoto aliyewahi kuuzwa, akilitamka neno hilo kwa mara ya kwanza, alijiona amepata baba au amepata bwana mwingine aliye mwema zaidi? Sidhani kwamba ukarimu peke yake unatosha kumwonyesha mtoto tofauti ya hayo mawili, kwa sababu hata bwana mwema hulisha na kuvisha.

Niseme na jambo la mila, maana linaongeza ugumu. Sisi Wakwere, kama majirani zetu Wazaramo na Wadoe, ukoo wetu kwa asili unafuata upande wa mama, na mjomba hakuwa mtu wa pembeni hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na wao ndio waliomrithi. Kwa mila hiyo mpwa wangu ana haki katika nyumba hii ambayo pengine inazidi ya wanangu wa kuzaa. Mke wangu ametoka Kilimanjaro, ambako mtoto ni wa ukoo wa baba, na ingawa anampenda kijana na kumhudumia bila ubaguzi, katika mawazo yake huyu ni mtoto wa wifi aliyewekwa kwetu kwa muda, na siku moja kwao watakuja kumchukua. Nimeshindwa kujua kijana amesikia ipi kati ya sauti hizo mbili, ila tabia yake inanipa jibu.

Na kweli, kwao wamejitokeza. Baba yake, aliyeondoka kijana akiwa hajaanza kutembea, amepiga simu kutoka mbali akisema amesikia habari za kipaimara na angependa kuhudhuria. Sikumkatalia. Lakini siku chache baada ya simu hiyo fomu za kipaimara zilitolewa, na usiku kijana akaja nilipokaa barazani, akasimama kama anavyosimama siku zote, mikono nyuma, akaniuliza, "Mjomba, hapa penye jina la baba naweza kuandika jina lako?"

Ndugu Mshauri, hilo ni ombi la kwanza alilowahi kuniomba. Sikuwahi kuombwa ndala, daftari, wala nauli. Na nilipokwenda ofisi ya parokia nilielezwa kwamba jina la baba katika fomu hufuata cheti cha ubatizo, na kwamba halibadilishwi kwa hiari ya mlezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatoa nafasi ya kuasili, na ndugu wa mtoto naye anaweza kuomba, lakini jambo hilo huamuliwa na Mahakama Kuu na kwa kawaida huhitaji ridhaa ya mzazi aliye hai, yaani mtu yule yule aliyepiga simu. Mke wangu alishauri niwe msimamizi wake wa kipaimara, na kweli hakuna kizuizi, maana sheria za Kanisa zinamkataza baba au mama kuwa msimamizi wa mwanawe, na mimi kwa karatasi si baba. Unaona nilipo: nikikubali usimamizi, ninaukubali kwa sifa ya kutokuwa baba yake, na kijana ana akili ya kutosha kuliona hilo.

Nimejifariji kwa Mtakatifu Yosefu, ambaye Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake ya mwaka 2020 alimtumia kueleza kwamba mtu hawi baba kwa kuleta mtoto duniani tu, bali kwa kubeba wajibu wa kumtunza. Bikira Maria alipomkuta Yesu hekaluni akiwa na miaka 12 alimwambia, "baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta," akimaanisha Yosefu, na mwana akajibu kwa kumtaja Baba mwingine, wala hakuna anayeonekana kudhulumiwa. Ninajua pia kwamba Mtume Paulo alipowaandikia Warumi juu ya kufanywa wana alikuwa akisema na watu ambao kwao mtoto wa kupangwa alikuwa mwana na mrithi kamili. Kaisari Augusto mwenyewe, yule wa ile sensa ya Betlehemu, alikuwa amefanywa mwana kwa wosia wa Julius Caesar. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 239, inatukumbusha kwamba wazazi wa kibinadamu wanaweza kukosea na kuuharibu uso wa ubaba na umama, na kwamba hakuna aliye baba kama Mungu alivyo Baba. Haya yote ninayaamini. Ila ni majibu ya mtu mzima, na aliyeniuliza ni mtoto.

Nimetafuta ushauri kwa watu wa karibu, na kila mmoja ana lake. Mke wangu anaona ninachokoza jambo lililotulia, kwamba mtoto mwenye adabu aachwe na adabu yake, na kwamba nikianza kumzoesha kudai nitampoteza. Dada yangu mkubwa anasema shukrani ni sala bora kuliko maombi na mimi ninatafuta dosari kwa mtakatifu. Katekista, ambaye ni mtu makini, anadhani niache maneno, nianze kumgombeza. Kwanza nilicheka, lakini ni kweli: wanangu ninawafokea kila uchao, na yeye sijawahi kumwinulia sauti, kama vile mtu asivyomfokea mgeni. Waraka kwa Waebrania unasema kwamba asiyerudiwa hahesabiwi mwana halali. Hata hivyo sioni jinsi ya kumgombeza mtoto ambaye hajakosea, eti ili ajisikie yupo nyumbani.

Ninayoomba unishauri ni haya. Kwanza, nimjibu nini kuhusu lile jina, kwa namna ambayo ombi lake la kwanza halitageuka kuwa la mwisho, kwangu na kwa Mungu? Sitaki kumdanganya kwa kuandika lisilokubalika, na sitaki kumwambia "haiwezekani" nikaishia hapo. Pili, je, inafaa kuzungumza naye kuhusu ile sala, wakati yeye hajui kwamba niliiona, au nikifanya hivyo nitakuwa nimeingia mahali pake na Mungu bila hodi? Tatu, baba yake akija siku ya kipaimara, nimweke wapi kijana huyu katikati yetu, ikizingatiwa kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuweka sharti la kuwa walikulea? Na mwisho, kama upo mzazi au mlezi miongoni mwa wasomaji ambaye amemwona mtoto wa kulelewa akivuka kutoka kwenye ugeni hadi kwenye uana, ningeshukuru aseme kwa undani ni nini kilitendeka pale nyumbani, maana mahubiri juu ya jambo hili nimesikia ya kutosha.

Fomu zinarudishwa parokiani kabla ya mwisho wa mwezi, na ile ya kwetu bado iko juu ya kabati, nafasi hiyo moja ikiwa haijajazwa. Ukiweza kunijibu mapema, nitashukuru.

Wako katika Kristo,
Mjomba,
Bagamoyo