Mama Imani, vitu vinakula kodi

Mama Imani shoga yangu, habari za Morogoro, watoto hawajambo? Shemeji mpe pole sana ya kazi kuisha. Meseji yako nimeisoma nikaona hapana, hii niandike kabisa, kwenye voisi haitoshi.

Umeniuliza kati ya vitu vya humo ndani uanze kuuza nini. Mi kwanza nakwambia acha kuwaza kitu kitaleta shingapi, waza kinakula shingapi kukaa humo ndani. Chumba cha tatu mnacholipia analala nani? Wageni wa Desemba na mabegi ya nguo. Na mwenye nyumba anakihesabu kila mwezi, tena anataka miezi sita kwa mkupuo, sasa hiyo miezi sita ndo inayowapeleka watu kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, afu hawatoki. Mngekuwa na vyumba viwili mngepumua.

Afu lile friza. Lilinunuliwa kwa ajili ya barafu na juisi, biashara ikafa, sa hivi linagandisha maji tu. Unajua wateja wadogo wa Tanesco uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi, ukizoea kuvuka wanakuhamishia tarifu ya juu na uniti pamoja na kodi inapita 300. Yani friza moja linafanya hata taa na feni mlipie bei ya juu! Mi nikikaa kwako siku moja tu hilo friza linapata mteja, wauza samaki wanalitafuta. Likiondoka, matumizi yakishuka, nenda ofisini kwao ukaombe wakurudishe ya chini.

Najua kabati la vyombo la kitchen party ndo litakuuma, na mimi silipigii kelele, ila vyombo vya kioo ambavyo watoto hawaruhusiwi hata kuvigusa, vitoe vitumike. Aliyekupa alitaka ule humo. Na yale masufuria makubwa ya shughuli, jamani, kila mwanamke mtaani analo la kwake analitoa mvunguni mara moja kwa mwaka msiba ukitokea. Sisi kwenye kikundi chetu huku Mbagala tumeyakusanya yakawa ya kikundi, yanakaa kwa mtu mmoja mwenye stoo, mwenye shughuli anachukua na anarudisha yameoshwa, na wa nje ya kikundi wanakodi. Hata viti vya plastiki hivohivo. Ongea na wamama wa kikundi chenu, naamini watakubali.

Nguo za watoto usiuze, hela yake ndogo, wape wa dadako zikiwa bado nzuri. Sare za Imani tu mtunzie mdogo wake. Chuma chakavu, masufuria yaliyotoboka, pasi iliyoungua, msubiri wa mkokoteni apime kwa kilo, usimpe bure eti kakusafishia uwanja.

Ila kitu ninachokuomba kwa moyo wote ni mlango. Wale wanaopita na mashuka na hotpoti unalipa kidogo kidogo, mwambie asante kaka, sina nafasi, basi, maana ukitoa kumi humu na ukaingiza kumi kwa mkopo nyumba inajaa tena na deni juu. Na sare za harusi za kitenge, shoga, chagua za ndugu wa damu tu, wengine peleka mchango wako mdogo uvae ulichonacho. Watanuna wiki, watazoea.

Pale mvunguni pakiwa peupe weka mchele. Sisi tunachanga na jirani tunafuata gunia sokoni Tandale tunagawana, tukiachana na ile ya kupima nusu nusu dukani tunaona kabisa hela inabaki.

Na usifanye peke yako shemeji akiwa ametoka, kaeni wote mkubaliane kila kitu, maana saa hizi roho yake haiko sawa, akirudi akakuta redio yake haipo ataona mnauza nyumba.

Nitumie namba ya kiatu ya Imani, kuna vya shule hapa vinambana wa kwangu, nitampa konda wa basi la asubuhi.

Mama Zuhura