Sauti ya kifua haitoki kifuani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua tangu nianze kufundisha kwaya hapa Dodoma. Walimu wenzangu wengi huwaambia waimbaji watoe sauti kifuani, na binti wa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa katika kwaya, anapofika kwenye noti za juu huhimizwa azidi kusukuma kwa nguvu ileile aliyoanza nayo chini. Ndiyo maana kila baada ya Pasaka tunakuwa na mabinti waliopwelewa sauti. Mmoja alikuja kwangu kutoka kwaya nyingine akiwa tayari ana vinundu kwenye nyuzi za sauti, na daktari alikuwa amemkataza kuimba.

Sauti tunazoziita ya kifua na ya kichwa zote mbili huzaliwa kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni. Pumzi inayopanda kutoka mapafuni huzisukuma nyuzi mbili za sauti zilizokutana, nazo huachana na kukutana tena, zaidi kidogo ya mara 100 kwa sekunde mwanamume anapozungumza na karibu mara 200 kwa mwanamke. Kuna msuli uliomo ndani ya nyuzi zenyewe, ambao ukikaza nyuzi hufupika na kunenepa, zikagusana kwa unene wake wote. Sauti hutoka nzito, na mtetemo wake husikika hadi kwenye mifupa ya kifua, ndiko lilikotoka jina lake. Msuli mwingine, ulio upande wa mbele wa zoloto, huinamisha gegedu, ule mfupa laini wa zoloto, na kuzivuta nyuzi zikawa ndefu na nyembamba, na hapo kingo zake ndizo hasa zinazotetemeka. Hiyo ndiyo sauti ya kichwa.

Katika mazungumzo ya kawaida wengi wetu hubaki kwenye ile ya kifua, isipokuwa mwishoni mwa sentensi pumzi inapokwisha, nyuzi zikalegea na sauti ikakwaruza kiasi cha sikio kuhesabu karibu kila pigo. Mwimbaji hana uhuru huo wa kubaki mahali pamoja. Kwa watu wengi, wake kwa waume, mgeuko wa kutoka sauti ya kifua kwenda ya kichwa huja karibu na noti za E na F zinazofuata C ya katikati ya kinanda, na anayekataa kugeuka hapo huilazimisha misuli hiyo miwili ivutane, mpaka sauti ikatike au koo liumie.

Aliyetufumbulia mengi ya haya hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa uimbaji kama sisi. Manuel García, Mhispania, aliingiza kioo kidogo kooni mwake mwaka 1854 na kuziona nyuzi zake zikifanya kazi. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi, jijini London.

Wala sauti nyembamba si ugeni kwetu, kama wanavyodai baadhi ya viongozi wa kwaya wanaowazuia wanaume kuitumia. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu huu, aliimba na ilimba yake, ala inayopigwa kwa vidole gumba, akitoka kwenye sauti nzito ya kukwaruza hadi kwenye sauti ya juu nyembamba, na hakuna aliyemwona amepungukiwa uanaume. Mama anayepiga vigelegele harusini naye yumo kwenye sauti hiyo hiyo, bila kufundishwa na mtu.

Mimi huanzia hapo. Huwaomba mabinti wapige vigelegele, kisha washikilie sauti ile ile bila kuchezesha ulimi na kuishusha polepole kuelekea chini, nayo huungana na sauti nzito pasipo kukatika. Nawaomba walimu wenzangu wajaribu zoezi hili katika mazoezi ya juma hili, na pale ambapo sauti ya kwanza bado inapiga kelele badala ya kuimba, washushe do, noti ya msingi ya wimbo, kwa hatua moja.

Mwalimu wa kwaya,
Dodoma