Fedha za mchango zikibaki, ni za nani?

Mhariri,

Kwa zaidi ya miaka 15 nimekuwa mweka hazina wa kamati za michango hapa Likoni, kwanza za misiba na karo, kisha, kadiri gharama za hospitali zilivyopanda, za matibabu. Ninaandika kwa sababu mjadala kuhusu kuchangisha fedha mtandaoni umegawanyika pande mbili zisizosikilizana. Wapo wanaoamini kwamba majukwaa haya yameitoa harambee mikononi mwa wanasiasa, na wapo wanaoamini kwamba yamewafungulia matapeli mlango. Kila upande una ushahidi wake. Ningependa tuzungumzie hatua ambayo pande zote mbili huiruka: siku fedha zinapotoka kwenye jukwaa, ni nani anazipokea, na zikibaki zinakwenda wapi.

Mwaka 2022 binti wa mpwa wangu, mtoto wa miaka sita aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, aliandikiwa upasuaji nchini India. Pamoja na nauli na malazi ya mama yake, gharama ilikadiriwa kuwa shilingi milioni 1.3. Tulikutana barazani, tukaunda kamati, na kama ilivyo desturi, nambari yangu ya simu ndiyo iliyosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Wiki mbili zilizofuata sizisahau. Kodi ya mpangaji wangu, fedha za biashara ya mke wangu na michango ya mtoto viliingia katika akaunti moja, na wengi walituma bila kueleza ni za nini. Nilikuwa na deni dogo la mkopo wa simu, ambalo hujikata lenyewe kila fedha zinapoingia. Michango saba ya kwanza ikalipa deni langu kabla sijatambua, nami nikairudisha kutoka mfukoni mwangu, nikiona haya mbele ya kamati ingawa sikuwa nimeiba chochote. Isitoshe, akaunti ya simu wakati huo haikuweza kushika zaidi ya shilingi 300,000. Kikomo hicho kilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2023, lakini hata kiasi hicho hakifiki nusu ya tulichokuwa tukitafuta.

Tulipohamia kwenye jukwaa la mtandaoni, manung'uniko yalikoma katika muda wa siku tatu. Kila aliyetuma aliona mchango wake papo hapo na kupata ujumbe wa kuthibitisha, jumla ilionekana na kila mtu, na fedha hazikuweza kutolewa mpaka mweka hazina wa pili, ambaye tulimchagua kwa makusudi kutoka ukoo wa upande wa baba wa mtoto, aidhinishe. Mjomba aliyeko Muscat na binamu aliyeko Minnesota, ambao zamani wangesubiri mtu anayesafiri ili wampe bahasha, walichanga kwa kadi zao za benki usiku uleule walioupata ujumbe. Mtu aliyewahi kukesha akijumlisha daftari la michango kwa taa ya chemli, huku nusu ya majina ni ahadi zisizotimizwa, ataelewa kwa nini ninauheshimu uwazi huo na kwa nini singependa turudi tulikotoka.

Tabia ya kuchanga kwa simu tunayo tangu zamani. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2011, njaa ilipokuwa ikiua watu Turkana, kampeni ya Kenyans for Kenya iliyoendeshwa na Shirika la Msalaba Mwekundu, Safaricom na benki ya KCB pamoja na washirika wengine ilivuka lengo lake la shilingi milioni 500, na ndani yake zilikuwamo shilingi 10 za watoto wa shule. Mwaka uliofuata ikaja M-Changa, jukwaa la Kenya la kuchangisha fedha, iliyobuniwa kwa kufahamu kwamba mchangishaji wa Kenya huenda ana simu ya kawaida tu isiyo na intaneti.

Majukwaa makubwa ya ng'ambo ni habari nyingine, na watu wengi hawaelewi jambo hili mpaka wameshakwama. GoFundMe haipeleki fedha katika benki ya Kenya. Anayefungua mchango sharti awe na akaunti katika mojawapo ya nchi wanazozihudumia, kwa hiyo fedha za mgonjwa wa Likoni huingia kwanza katika akaunti ya jamaa aliyeko Marekani au Uingereza, naye ndiye anayezituma huku kwa njia na kwa wakati anaoujua yeye. Jamaa akiwa mwadilifu, hakuna neno. Asipokuwa mwadilifu, familia ya Likoni hujikuta ikimfuatilia mtu aliye mbali. Hata wafanyabiashara hukutana na ukuta kama huo. Kifaa cha intaneti cha BRCK, kilichobuniwa Nairobi, kilipata zaidi ya dola 170,000 kupitia Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangia miradi mipya, mwaka 2013, huku lengo likiwa dola 125,000. Lakini kijana fundi wa Changamwe mwenye wazo zuri na asiye na mwenzake ng'ambo hawezi kuufungua mlango uleule.

Kisha kuna ada. GoFundMe hukata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango unaotolewa Marekani. Anayetoa dola 100 hukatwa dola 3 na senti 20, ambazo ni kama asilimia tatu. Anayetoa dola 5 hukatwa karibu senti 45, ambazo ni kama asilimia tisa. Hapa kwetu tunalipa ada ya kutuma kwa simu, na juu ya ada hiyo ushuru ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha hadi asilimia 15. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na katika kila kamati niliyoitumikia wenye kutoa kidogo ndio waliokuwa wengi. Inaniuma kuona kwamba sadaka yao ndiyo inayomegwa zaidi njiani. Sioni kwa nini kampuni za simu na serikali zisikubaliane kuondoa ada na ushuru kwa michango ya matibabu iliyothibitishwa na hospitali.

Jambo lililotuumiza zaidi, hata hivyo, halikuhusu fedha. Tulishauriwa tuweke picha ya mtoto, kwa kuwa mchango usio na picha haupati watu, nasi tukaweka: mtoto kitandani, mirija puani, kifua wazi kikionyesha mbavu. Siku ya tano mtu tusiyemjua aliinakili picha ile, akaandika jina jingine na nambari yake ya simu, akaanza kujichangishia. Tuliripoti, na mchango ule wa uongo ukaondolewa, lakini picha ilikuwa imeshasambaa. Msichana yule sasa ni mzima na yuko shuleni, na wapo watoto darasani wanaomwita kwa jina la ugonjwa wake, kwa sababu picha ingali inazunguka. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kujua kwamba mgonjwa husitiriwa. Asiyejiweza hufunikwa, haanikwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Mama yake aliridhia, ndiyo, lakini aliridhia usiku wa manane, akiwa na bili mkononi. Ridhaa ya namna hiyo haiwezi kuwa kinga yetu sisi wanakamati tuliomwomba.

Picha inaleta dhuluma nyingine iliyojificha. Mtoto mzuri wa uso mwenye tundu la moyo huchangiwa. Mzee aliyekatwa mguu kwa kisukari, mama mwenye maradhi ya akili, kijana aliyeathiriwa na dawa za kulevya, hawa nimewachangishia pia, na ninajua jinsi simu zinavyonyamaza. Mchango hufuata masimulizi na wingi wa jamaa walio na kazi, wala haupimi uhitaji. Februari 2021 mkurugenzi mkuu wa GoFundMe, Tim Cadogan, aliandika gazetini akiliomba bunge la Marekani lipitishe msaada kwa wananchi, kwa sababu jukwaa lake lilikuwa limezidiwa na watu wanaotafuta kodi ya nyumba na chakula. Ikiwa mwenye jukwaa mwenyewe anakiri kwamba kazi hiyo inamshinda, sisi hatuna haki ya kuifanya kuwa bima. Hapa kwetu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75. Kila mchango wa matibabu unaofunguliwa mtandaoni ungepaswa kuhesabiwa na mamlaka hiyo kama ripoti ya mahali ambapo bima haikufika.

Sasa nije kwenye salio. Upasuaji ulifanikiwa, mtoto akarudi mapema kuliko tulivyotarajia, na zikabaki shilingi 214,000. Baba yake aliona ni haki yake afungue kibanda cha biashara, kwa kuwa alipoteza kazi akimuuguza mwanawe. Baadhi ya wanakamati walitaka kila mtu arudishiwe chake, jambo ambalo ada zingelifanya kuwa hasara tupu. Wengine walitaka zipewe mgonjwa mwingine. Tulikutana mara nne, na kuna ndugu wawili ambao hawajasemezana tangu siku hiyo. Nilirudi kwenye masharti ya jukwaa tulilolitumia, nikayasoma yote, na sikuona mahali popote tulipoulizwa wakati wa kufungua mchango: zikizidi, itakuwaje? Na mgonjwa akifariki kabla ya kutibiwa, itakuwaje? Swali hilo la pili limenikuta katika kamati nyingine mbili, na mara zote lilijibiwa penye kilio, mahali ambapo hapana jibu la haki linaloweza kupatikana. Kule Philadelphia, mwaka 2017, wachangishaji walikusanya zaidi ya dola 400,000 kwa kisa cha kubuni kuhusu mtu asiye na makao. Jukwaa liliwarudishia wachangiaji fedha zao na wahusika wakafikishwa mahakamani. Lakini ulaghai wa wazi kama huo angalau una sheria ya kuukabili. Ugomvi wa salio kati ya watu waaminifu hauna njia iliyo wazi hivyo.

Muswada wa kuchangisha fedha kwa umma uliofikishwa katika Seneti mwaka 2024 ulinipa matumaini na hofu. Sheria tuliyo nayo, Sura ya 106, ilitungwa kabla ya mtu yeyote kuota kutuma fedha kwa simu, na ni haki ibadilishwe. Hofu yangu ni vibali. Mtu akipatwa na kiharusi Ijumaa jioni, kamati haiwezi kungoja ofisi ifunguliwe Jumatatu ndipo iombe ruhusa ya kuomba. Ningewasihi maseneta walitazame jukwaa lenyewe: lisiruhusu mchango wa matibabu kufunguliwa mpaka hospitali itajwe, lizilipe fedha hospitalini moja kwa moja, lidai waweka hazina wasiopungua wawili kutoka nyumba tofauti, lizuie uso wa mtoto kuonyeshwa, na kabla shilingi ya kwanza haijaingia, mchangishaji aandike salio litakwenda wapi, ili kila anayetoa atoe akijua.

Nawe, Mhariri, una uwezo ambao maseneta hawana. Kurasa zako huchapisha maombi ya msaada yenye picha na nambari za simu za watu binafsi karibu kila juma, na wasomaji huyaamini kwa sababu yamo gazetini. Ninaomba kuanzia sasa usichapishe ombi lolote lisilotaja hospitali, waweka hazina wawili na mahali pa salio, na baada ya miezi mitatu umtake mchangishaji alete hesabu uichapishe katika ukurasa uleule. Hesabu yetu ya 2022, pamoja na risiti za zile 214,000, ambazo hatimaye zililipia usafishaji wa damu wa jirani yetu mwenye maradhi ya figo, ninayo katika faili, na niko tayari iwe ya kwanza.

Mweka hazina wa kamati za michango,
Likoni, Mombasa